Gari la umeme Lubumbashi: mwongozo kamili wa kuizoea skrini yake

Gari la umeme linaloingia Lubumbashi kupitia Kasumbalesa, liwe jipya kutoka China au mtumba wa Ulaya au Japani, limejengwa likitegemea mambo matatu: intaneti isiyokatika, akaunti iliyofunguliwa kwa namba ya simu ya nchi lilikokusudiwa kuuzwa, na barabara zenye mistari inayoonekana. Huku kwetu yote matatu yanaweza kukosekana katika safari moja tu ya kutoka mtaa wa Golf hadi Ruashi. Ndiyo maana hata dereva mzoefu wa petroli hujikuta anapambana na skrini wakati macho yake yanatakiwa barabarani.

Kazi ya siku za mwanzo, basi, ni kuchukua kila jambo la lazima linalotegemea mtandao na kuliweka ndani ya gari au ndani ya simu yako, na kufanya hivyo gari likiwa limesimama kwenye parseli (kiwanja cha nyumbani). Jipe saa mbili tulivu. Usianze kujifunza njiani.

KABLA HUJALIPA

Mambo manne ya skrini yakaguliwe pesa ikiwa bado mfukoni, kwa sababu baadaye ni magumu au hayawezekani kabisa. Kaa kwenye kiti cha dereva, kanyaga breki, washa gari mpaka neno READY au OK litokee kwenye dashibodi.

Anza na lugha. Gari lililotengenezwa kwa soko la China lenyewe mara nyingi lina Kichina, pengine na Kiingereza, na Kifaransa hakimo. Lililotengenezwa kuuzwa nje huwa na lugha kadhaa. BYD Yuan Plus ya China na BYD Atto 3 ya nje hufanana kwa macho, lakini menyu zake hazilingani, wala tundu la kuchaji si moja: la China ni GB/T, la Ulaya ni CCS2. Muuzaji akisema lugha itabadilishwa baadaye, mwombe aibadilishe mbele yako, kisha zima gari, funga milango, subiri dakika kumi, washa tena uone kama lugha imebaki.

Halafu akaunti. Uliza gari limesajiliwa kwenye akaunti ya nani. Mwenye akaunti anaweza kuona gari liko wapi na kufungua milango kwa simu yake, hata akiwa bara jingine. Mpangilio wa kulitoa ni huu: mwenye zamani aingie kwenye programu ya simu yake na kuliondoa gari, baada ya hapo ndipo skrini irudishwe kwenye hali ya kiwandani. Ukifuta skrini peke yake, gari hubaki limefungwa kwake kwenye kompyuta za kampuni. Magari ya China huomba namba inayoanza na +86 ili kufungua huduma za mtandaoni. Kutokuwa nayo hakuzuii gari kutembea. Kunazuia ramani yake, muziki wake na programu ya simu.

Tatu, funguo. Gari linalofunguliwa kwa simu lazima liwe pia na kadi au ufunguo wa mkononi. Hesabu zote na ujaribu kila mmoja. Simu ikizimika saa nne usiku pale Katuba, kadi ndiyo itakayokufikisha nyumbani.

Nne, jaribu simu yako mwenyewe kwa kebo yako mwenyewe. Kama unategemea Android Auto au CarPlay, mifumo inayoleta programu za simu kwenye skrini ya gari, iwashe hapo hapo. Tesla kwa kawaida haina hata moja. Magari ya soko la China mara nyingi yana mifumo ya Kichina ya HiCar au CarLife mahali pake, na hizo hazitakusaidia kama simu yako si ya aina inayozikubali. Kuna vifaa vidogo vya USB vinavyouzwa mjini kwa ahadi ya kuleta CarPlay isiyo na waya. Vingi vyake hugeuza tu ile ya kebo kuwa ya hewani. Gari lisilokuwa nayo tangu mwanzo halitaipata.

Kwa mtumba wa Japani, kama Nissan Leaf, ongeza la tano: redio. Japani masafa ya FM ni 76 hadi 95 MHz, na kwetu ni 87.5 hadi 108, hivyo stesheni nyingi hazitashika. Kifaa cha kupanua masafa kinachochomekwa kwenye waya wa antena husaidia. Usikubali fundi ang'oe redio nzima kabla hajajua kilicho ndani yake: kwenye baadhi ya matoleo, menyu ya kupanga saa za kuchaji na kamera ya nyuma hupita humo humo.

LUGHA, SAA NA VIPIMO

Kama skrini ni ya Kichina, tafuta alama ya gurudumu lenye meno, kisha linganisha maandishi haya:

设置 – mipangilio
系统 – mfumo
语言 – lugha
蓝牙 – Bluetooth
空调 – kiyoyozi
充电 – kuchaji
导航 – ramani ya kuongoza njia
除雾 – kuondoa ukungu kwenye kioo
恢复出厂设置 – kurudisha hali ya kiwandani; hii usiiguse bila kusudi

Njia ya kawaida ni 设置, halafu 系统, halafu 语言. Ikiwa lugha unayoisoma haimo, elekeza kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri iliyopakuliwa Kichina mapema, pita menyu moja moja, na upige picha ya kila ukurasa. Bandika tafsiri za menyu kumi unazozihitaji nyuma ya kikinga jua. Kubahatisha kwenye menyu usiyoisoma ndiko kunakozima breki ya dharura (ile inayojikanyaga yenyewe) bila mwenye gari kujua.

Ukichagua lugha, chagua ile unayoisoma haraka. Kwa wengi Lubumbashi hiyo ni Kifaransa. Sauti ya kuamrisha gari nayo itafuata lugha hiyo, na magari mengi hayaelewi Kiswahili. Sema kwa lugha hiyo amri fupi na za moja kwa moja: joto, dirisha, simu.

Saa inawakosesha watu wengi. Ukiweka nchi kuwa Kongo, baadhi ya mifumo huchukua saa ya Kinshasa, ambayo ni UTC+1. Sisi tuko UTC+2. Chagua Lubumbashi kwenye orodha ya miji. Ikikosekana, chagua Lusaka au Harare, ambazo saa yao ni sawa na yetu. Kosa la saa moja halionekani kubwa mpaka uone gari limeanza kuchaji saa moja baada ya wakati uliopanga.

Shinikizo la matairi huonyeshwa kwa kPa, bar au psi. Kiasi cha 250 kPa ni bar 2.5, ni psi 36. Weka kipimo kile kile alichonacho anayejaza upepo mtaani kwako, na kiwango sahihi kisome kwenye kibandiko kilichoko kwenye fremu ya mlango wa dereva.

MAMBO SABA YA KUYAJUA KWA MIKONO

Watengenezaji walihamishia vitufe vingi kwenye skrini, na hata Ulaya jambo hilo limeleta wasiwasi: kuanzia 2026, Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, inalipa alama gari lenye vidhibiti vya kushikika kwa honi, viashiria, taa za dharura, waipa na wito wa msaada. Gari lako huenda limetengenezwa kabla ya hapo. Kwa hiyo, likiwa limesimama, tafuta haya saba na ufanye kila moja mara kumi mpaka mkono uende wenyewe: kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele, mwendo wa waipa, taa kubwa na taa za ukungu, taa za dharura, kurekebisha vioo vya pembeni, kupunguza sauti, na kuwasha kamera ya nyuma bila kuweka gia ya nyuma.

La kwanza ndilo la muhimu kuliko yote kati ya Novemba na Aprili. Mvua kubwa ikianza, vioo hufunga ukungu ndani ya dakika moja. Kinachokausha hewa ni kompresa ya kiyoyozi, kwa hiyo A/C lazima iwe imewashwa hata kama hutaki baridi, na hewa iingie kutoka nje badala ya kuzunguka ndani. Mtu anayepandisha joto peke yake huku A/C imezimwa huendelea kuona ukungu, na hapo ndipo anapoanza kupekua menyu katikati ya maji ya barabara ya Kasenga.

Magari mengi yana kitufe cha usukani unachoweza kukipangia kazi, mara nyingi chenye alama ya nyota. Kipe kazi ya kuondoa ukungu au ya kamera. Wengi hukipa muziki, na hiyo ni nafasi iliyopotea. Pia telezesha kidole kutoka juu ya skrini kwenda chini: orodha ya njia za mkato hufunguka na unaweza kuipanga. Weka mbele zile unazotumia kila siku, hasa za kuzima mlio wa mwendo na usukani wa mistari, tutakazozifikia.

RAMANI INAYOFANYA KAZI BILA MEGA (DATA YA INTANETI)

Kupata mahali ulipo hakuhitaji intaneti. GPS hupokea ishara za setilaiti bure. Kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani, utafutaji wa majina na habari za msongamano. Ukipakua picha mapema, umemaliza sehemu kubwa ya tatizo.

Ramani ya ndani ya gari la China, kama Amap au Baidu, imejengwa kwa ajili ya China. Usipoteze siku kuitengeneza. Tumia simu, kwa utaratibu huu:

1. Ukiwa kwenye Wi-Fi, fungua Google Maps, gusa picha ya akaunti yako, chagua ramani za nje ya mtandao, na uchore mraba unaoshika Lubumbashi, Kipushi, Kasumbalesa na Likasi. Ukienda Kolwezi, pakua mraba wa pili kwa barabara hiyo.
2. Weka pia Organic Maps au OsmAnd. Zote mbili hutumia ramani ya OpenStreetMap, hupakua eneo zima, hutafuta majina bila mtandao, na zote huonekana ndani ya Android Auto na CarPlay.
3. Zima data ya simu kabisa, kisha omba njia ya kutoka nyumbani kwako hadi uwanja wa ndege wa Luano. Ikikupa njia, umefanikiwa. Ikizunguka bila jibu, upakuaji haukukamilika.
4. Hifadhi mwenyewe sehemu zako: nyumbani, kazini, garaji, hospitali, na kila mahali unapoweza kuchaji. Katika mitaa ya komini zetu za Katuba, Kenya na Ruashi namba za nyumba hazisaidii ramani. Alama uliyoiweka kwa kidole ndiyo anwani.

Ramani za Google zilizopakuliwa huisha muda zisiposasishwa, kwa hiyo zipitie mara moja kwa mwezi ukiwa kwenye Wi-Fi. Njia inayotolewa bila mtandao haijui foleni wala barabara iliyokatwa na maji. Unapochagua kati ya njia fupi ya vumbi na ndefu ya lami, chagua lami wakati wa mvua. Betri iko chini ya sakafu, na shimo usilolijua kina chake si mahali pa kujaribia.

Kama mfumo wa gari ni wa Android na unakubali programu kutoka kwenye kijiti cha USB, OsmAnd na Organic Maps huweza kukaa ndani ya gari lenyewe, kwa sababu hazihitaji huduma za Google. Chukua faili kwenye tovuti zao rasmi tu. Anayekuja na kompyuta kutaka “kufungua” mfumo wote wa gari mkatalie: sasisho linalofuata linaweza kukwama katikati, na dhamana ikapotea pamoja na skrini.

Na kama hayo yote hayawezekani, kishikilia simu imara, kebo ya kuchaji na Bluetooth kwa sauti vinatosha. Hakuna aibu ndani yake. Kiweke chini ya usawa wa macho, kisizibe kioo, na kisikae mbele ya mfuko wa hewa wa usukani.

SIMU NA GARI

Android Auto imo ndani ya simu tangu Android 10. Isiyo na waya huhitaji Android 11 au zaidi. Anza na kebo hata kama gari linakubali ya hewani, kwa kuwa kebo hukuonyesha kwanza kama vyote viwili vinaelewana. Iwe kebo ya kubeba data na isizidi mita moja. Kebo nyingi za bei ndogo zina nyaya za kuchaji tu: simu itaonyesha inachaji, skrini itakaa kimya. Matundu ya USB nayo hayafanani. Mara nyingi moja tu ndilo la data, na huwa na alama ya simu au ya USB isiyo na mchoro wa radi.

Muunganisho ukikatika kila gari linaporuka shimo, safisha tundu la simu kwanza. Vumbi jekundu la kiangazi hujipanga chini ya tundu na kuzuia kebo kuingia hadi mwisho. Tumia kijiti cha meno cha mbao, simu ikiwa imezimwa.

Bluetooth ikikubali simu lakini sauti isitoke, futa jina la gari kwenye simu na jina la simu kwenye gari, zima vyote viwili, halafu unganisha upya ukiruhusu simu, sauti na majina. Kufuta upande mmoja ndiko kunakofanya tatizo lirudi kesho yake.

Muziki wa USB: kijiti kiwe kimepangwa (format) kwa FAT32 au exFAT, faili ziwe MP3. NTFS magari mengi hayaisomi.

MEGA ZINAKWENDA WAPI

SIM iliyojengwa ndani ya gari la China au Ulaya usiihesabu. Gari litapata intaneti kwa Wi-Fi ya simu yako au kisambazaji kidogo chenye SIM ya Vodacom, Airtel au Orange. Muziki wa kilobiti 160 kwa sekunde hula karibu MB 72 kwa saa, wa kilobiti 320 karibu MB 144. Video ndiyo inayomaliza forfe (kifurushi cha data). Izime kabisa kwa watoto wa nyuma na uwawekee faili za USB.

Jambo moja la kukumbuka: CarPlay na Android Auto za hewani hutumia Wi-Fi ya simu kuzungumza na gari. Simu hiyo hiyo ikitakiwa pia kuligawia gari intaneti, mara nyingi kimoja kitakatika. Tumia kebo, au kisambazaji cha pili.

Kitufe cha SOS juu ya kioo cha ndani nacho kinategemea mtandao. Cha gari la Ulaya kimepangwa kupiga 112 ya kule. Usikitegemee, hifadhi kwenye simu namba za watu watakaokuja kweli.

VISAIDIZI VYA DEREVA: NINI KIBAKI, NINI KIZIMWE

Hapa ndipo skrini inapoweza kukuumiza au kukuokoa. Usukani unaofuata mistari husoma kwa kamera tofauti ya rangi kwenye lami. Barabarani kwetu kamera hiyo hukutana na kiraka kipya cha lami, ukingo uliomegwa, alama za matairi kwenye tope, na inaweza kuchukua kimoja kati ya hivyo kuwa mstari. Wewe unakwepa shimo au baiskeli ya makala (mkaa), gari linavuta usukani kukurudisha. Kuvuta kwenyewe si kwa nguvu, lakini mtu asiyekutarajia hushtuka na kukaza upande usiofaa.

Zima usukani wa mistari mjini. Kwenye magari mengi hujiwasha tena kila unapowasha gari, kwa hiyo kuzima kuwe sehemu ya utaratibu wako: mkanda, vioo, kuzima usukani wa mistari, ndipo uondoke. Ukisahau, washa kiashiria kabla ya kukwepa. Mifumo mingi hutulia kiashiria kikiwaka, na wa nyuma yako naye anaarifiwa.

Breki ya dharura usiizime. Itapiga mlio bure mara kadhaa pikipiki zinapokatiza, hasa pale taksi-basi zinaposimama ghafla, lakini mara moja itakapokuwa na haki inatosha. Kama kuna ngazi za hisia, weka ya kati au ya kuchelewa, usiweke ya mapema.

Mlio wa kuvuka mwendo ni wa lazima kwa magari mapya yanayouzwa Umoja wa Ulaya tangu Julai 2024, nao hujiwasha kila safari. Kamera husoma vibao, na kibao kilichopauka kinaweza kusomwa vibaya. Unazimwa kwa njia ya mkato ile ile uliyopanga.

Udhibiti wa mwendo unaofuata gari la mbele uache kwa barabara ya Likasi mchana, kukiwa kukavu. Nyuma ya lori la madini linalotimua vumbi, kamera na rada hupoteza alama na mfumo unaweza kukuachia gari ghafla. Ujumbe kwamba kamera imezibwa hauhitaji fundi: futa kioo mbele ya kioo cha ndani, futa bamba la rada chini ya bampa ya mbele, na lenzi ya nyuma, kwa kitambaa laini chenye maji.

Anayevuka kwenda Ndola au Kitwe anahama kutoka kulia kwenda kushoto kwa barabara. Magari kadhaa yana menyu ya upande wa kuendesha inayorekebisha mwanga wa taa; badilisha mpakani, na urudishe unaporudi.

KILOMITA ZILIZOANDIKWA NA MENYU YA KUCHAJI

Namba ya kilomita kwenye skrini ni makadirio. Magari ya China huweza kukadiria kwa CLTC, kipimo cha China cha umbali, ambacho ni kikarimu mno. Badilisha onyesho liwe la asilimia, kisha fungua ukurasa wa matumizi na usome kWh kwa kilomita 100 za siku chache zilizopita. Kwa betri ya kWh 60 na matumizi ya 18, kwenda Likasi na kurudi, kilomita 240 hivi, kunakula kWh 43, yaani asilimia 72. Kolwezi iko karibu kilomita 300 kwa upande mmoja: hesabu hiyo hiyo inatoa kWh 54, na hiyo si safari ya kuanza bila uhakika wa umeme kule.

Kwenye menyu ya kuchaji weka vitu viwili. Kwanza ampea. Kwa priza ya nyumbani anza na 8. Volti 220 mara ampea 8 ni kilowati 1.76. Gusa plagi baada ya nusu saa: ikiwa moto kiasi cha kuondoa mkono, simamisha, priza haifai. Ikiwa vuguvugu, unaweza kujaribu 10. Skrini ikionyesha volti zimeshuka chini ya 190, punguza ampea, kwa kuwa waya mrefu mwembamba ndio unaopata moto.

Pili kikomo. Betri ya LFP (ya chuma na fosfati), kama Blade ya BYD, ijazwe hadi 100 mara kwa mara, ili kompyuta ijue vizuri kiasi kilichomo. Usipoijaza, asilimia za skrini huanza kupotea njia na zinaweza kuanguka ghafla. Betri ya NMC (ya nikeli, manganizi na kobalti) ikae 80 kwa siku za kawaida.

Kuchaji kutoka 20 hadi 80 betri ya kWh 60 ni kWh 36. Kwa ampea 10, pamoja na upotevu, hesabu saa 18 hadi 19, na delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) ya SNEL, kampuni ya umeme, haimo humo. Umeme ukikatika kuchaji husimama, na ukirudi magari mengine huanza yenyewe, mengine hungoja uchomoe na kuchomeka upya. Jaribu mapema kwa kuzima swichi ya ukutani dakika mbili, ujue la kwako ni la aina gani. Ujumbe wa kosa la ardhi ukiwa kwenye jenereta una sababu: jenereta ndogo nyingi hazina waya wa ardhi uliounganishwa, na gari linakataa kwa usalama wako. Mwite fundi umeme, usitafute njia ya kulidanganya gari.

BETRI NDOGO INAYOZIMA GARI KUBWA

Skrini, milango na kompyuta zote huanzia kwenye betri ya volti 12, hata kama betri kubwa imejaa. Betri hiyo ikichoka, skrini hujiwasha upya yenyewe, taa za hitilafu hujitokeza kwa mkumbo, au gari halifunguki kabisa. Wengi hudhani kompyuta imekufa na kuanza kulipia matengenezo ya skrini.

Pima kabla ya kumlaumu mwingine. Kwa betri ya risasi na asidi, gari likiwa limelala saa kadhaa: volti 12.6 ni nzuri, 12.2 ni nusu, chini ya 12.0 ichajiwe na ichunguzwe. Gari likiwa READY, kipimo kipande hadi 13.5 au zaidi. Kisipopanda, kibadilishaji kinachoilisha betri hiyo hakifanyi kazi. Baadhi ya BYD zina betri ndogo ya LFP, ambayo volti zake ni tofauti na haichajiwi kwa mashine ya betri ya risasi.

Kinachoimaliza ni kukaa na muziki na skrini bila READY, kamera ya kioo iliyounganishwa na fundi moja kwa moja kwenye betri, na programu ya simu inayoliamsha gari kila dakika kuuliza hali. Unapomsubiri mtu, acha gari kwenye READY ukiwa ndani. Skrini na redio hula kidogo sana kutoka betri kubwa. Nyaya za rangi ya machungwa hazihusiani na kazi hii, zisiguswe.

SKRINI IKIGOMA

Ikiganda, simama pembeni, weka P. Kwenye magari mengi shikilia kitufe cha sauti sekunde 10 hadi 30 mpaka iwe nyeusi na nembo irudi. Kwenye Tesla shikilia magurudumu mawili ya usukani pamoja. Breki, usukani na mota vina kompyuta zao, kwa hiyo skrini nyeusi haizuii gari kusimama, ila utakosa kamera na kwenye magari mengine hata mwendo. Ikishindikana, shuka, funga gari, peleka ufunguo mbali, subiri dakika 15.

Mwezi wa Septemba na Oktoba skrini inayofifia mchana huenda imepata joto tu. Weka kikinga jua cha kioo cha mbele, na usiifute na spiriti wala sabuni ya vioo. Kitambaa laini na maji kidogo, skrini ikiwa imezimwa.

Sasisho la programu linaweza kuvuka GB 2, na wakati wa kusakinishwa gari halitembei, kwa muda unaoweza kupita saa moja. Lifanye kukiwa na betri kubwa zaidi ya asilimia 50, betri ndogo nzima, na siku ambayo hakuna safari asubuhi. Baada yake pitia tena lugha, saa na visaidizi, kwa kuwa hurudi mara nyingi kwenye hali ya mwanzo. Gari la China linalopata sasisho lililokusudiwa China linaweza kupoteza lugha iliyoongezwa na muuzaji; hilo likikuhusu, zima sasisho linalojisakinisha lenyewe.

Ukiliuza, fuata mpangilio ule ule uliomdai muuzaji wako: liondoe kwanza kwenye programu ya simu, futa namba, anwani na simu zilizounganishwa, ndipo urudishe hali ya kiwandani mbele ya mnunuzi, na umkabidhi kadi zote pamoja na zile tafsiri za menyu.